Mashini imepanda Windows 11, tovuti hazifunguki: namna ya kujua shida iko wapi

Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Tangu siku ile, watu wengi wanapandisha ordinatere zao ku Windows 11: mu birotiki za Manika na Dilala, mu ofisi za wadeklaranti wa forodha, kwa wanafunzi, na mu biro za kampuni ndogo zinazouzia migodi vitu, kutoka Kolwezi mpaka Fungurume na Likasi.

Kiisha kupandisha, wengine wanakutana na shida moja. Wi-Fi inaonekana, alama ya rezo iko, lakini tovuti hazifunguki. Ao Google inafunguka muzuri, lakini tovuti ya banki, ya kazi ao ya ushuru inakataa. Skrini inaandika « Ce site est inaccessible » ao « Votre connexion n'est pas privée ».

Hapo ndipo franga inaanza kutoka. Mumoja ananunua mega zingine, akifikiri forfe imeisha. Mwingine anapeleka mashini kwa fundi, na fundi anasema: tufute yote, tuweke upya. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitajika. Mbaya zaidi, mutu aliyekuwa na siku mbili tu za kutuma dosiye ya kazi ku kampuni ya madini anakuta tarehe imepita. Ao mafaili ya miaka mitano yanafutwa, kumbe shida ilikuwa saa ya mashini iliyorudi nyuma.

Jambo la kushika ni hili: shida inaweza kukaa mahali patatu, mu mashini, mu njia, ao ku tovuti yenyewe. Kujua ni mahali gani kunachukua dakika kumi, na hakulipishwi.

Kwa nini watu wanapandisha

Windows 10 haikuzimwa. Mashini inayoitumia inawaka na kufanya kazi kama mbele. Kile kilichoisha ni marekebisho ya usalama ya kila mwezi, yale yanayoziba matundu ambayo wezi wa mutandao wanapitia. Microsoft iliacha nafasi moja: anayejiandikisha ku mupango wake wa nyongeza anaweza kuendelea kupokea marekebisho hayo mpaka tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 2026.

Kwa Windows 11, Microsoft inaomba mashini iwe na memori ya jiga 4 ao zaidi, nafasi ya jiga 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyokuwa ya zamani sana. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Hapa kwetu mashini nyingi ni za okazio, zimeshatumika Ulaya ao Dubai mbele ya kufika sokoni. Zingine hazitimizi masharti hayo, na kuna mafundi wanaoziingiza Windows 11 kwa njia ya pembeni. Inawezekana, na inafanya kazi kwa muda. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba haihakikishi mashini kama hizo zitaendelea kupokea marekebisho. Ni jambo la kuuliza mbele ya kulipa.

Tena, kupandisha si kubadilisha rangi ya skrini tu. Ni jiga kadhaa zinazoshuka kupitia rezo, na kiisha hapo programu nyingi ndogo za ndani zinabadilishwa kwa mara moja, pamoja na zile zinazoendesha Wi-Fi. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kazi ile, na batri ya mashini imekufa, kazi inaweza kubaki nusu. Kwa hiyo batri ijae, ao mashini iwekwe ku inverta, mbele ya kubonyeza.

Njia ambayo tovuti inapitia

Ukiandika jina la tovuti, mambo manne yanafuatana haraka sana.

La kwanza, mashini inatafuta anwani. Ordinatere hazijui majina, zinajua namba. Kuna kitabu cha majina cha mutandao, kinachoitwa DNS, kinachogeuza jina kuwa namba. Kitabu kisipojibu, tovuti haifunguki hata kama rezo ni nzuri.

La pili, ombi linasafiri. Linatoka ku mashini, linaenda ku antena ya Vodacom, Airtel ao Orange, ao ku sahani ya Starlink, ambayo ilipata ruhusa ya ARPTC mwezi wa 5 mwaka 2025. Kiisha linaingia mu kebo. Sehemu ya mutandao wa Kongo inatokea Muanda, mahali kebo ya bahari WACS inafika ku inchi kavu. Upande wa Katanga kuna pia njia ya inchi kavu inayovuka mupaka wa Zambia.

La tatu, mashini na tovuti wanasalimiana kwa siri. Tovuti inaonyesha cheti chake, sawa vile mutu anaonyesha kadi ya uchaguzi ku barriere. Mashini inaangalia: nani aliyetoa cheti? Jina ni lile lile? Tarehe haijapita?

La nne, ukurasa wenyewe unakuja.

Kupandisha Windows kunaweza kugusa jambo la kwanza, mwanzo wa la pili, na la tatu. Lakini hakugusi kebo ya Muanda wala antena ya jirani. Mwanzoni mwa mwezi wa 8 mwaka 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari karibu na mulango wa muto Kongo na kuharibu kebo za WACS na SAT-3. Tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2024 kebo kadhaa ziliharibika mbele ya Abidjan. Inchi nyingi za Afrika ziliteswa siku zile na mutandao wa polepole. Aliyekuwa amesasisha mashini yake usiku ule angeweza kudhani ni Windows.

Kuna pia kufungwa kwa amri. Kongo ilikatiwa intaneti tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja kiisha uchaguzi, na ilikaa karibu siku 20 bila intaneti. Mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati wa vita vya Goma, X na TikTok hazikuwa zinafunguka kwa kawaida katika inchi. Siku kama hizo fundi hana kitu cha kutengeneza.

Maswali matatu ya dakika kumi

Mbele ya kugusa kitu chochote, jibu maswali haya.

Swali la kwanza: telefone iliyoshikwa ku Wi-Fi ile ile, inafungua tovuti ile ile? Hapa kuna mutego. Zima mega za telefone kwanza, ibaki na Wi-Fi peke yake, la sivyo itapita njia ingine na kukudanganya. Ikifungua, rezo ni nzuri na tovuti iko hai. Shida iko mu mashini.

Swali la pili: mashini yenyewe inafungua tovuti zingine? Jaribu tatu ao ine zisizofanana. Ikiwa zote zinakataa, tafuta ku rezo ya mashini. Ikiwa moja tu inakataa, usiguse rezo. Shida iko ku tovuti ile ao ku cheti chake.

Swali la tatu: mashini ikipata intaneti kwa njia ingine, mambo yanabadilika? Gawa mega za telefone ya rafiki mwenye rezo ya kampuni ingine. Tovuti ikifunguka, mashini haina kosa. Ni njia ya kwanza iliyoziba, na ni kampuni ya simu ya kuitwa.

Fundi muzuri anaanza hapo. Atakuuliza: « Papa, mu telefone yako, ile site inafungukaka? » Anayesema tufute yote mbele ya kuuliza swali kama hilo, mwambie angoje kidogo.

Saa ya mashini, kosa dogo linalofunga milango mingi

Ikiwa tovuti nyingi zinaandika « Votre connexion n'est pas privée », ao Chrome inaandika « Votre horloge est en retard », usiende mbali. Angalia saa na tarehe, chini ku mukono wa kuume wa skrini.

Kila cheti cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Vile vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi za dunia, vinadumu siku 90. Mashini inayodhani tuko mwaka 2019 itaona cheti cha leo kama kitu ambacho hakijazaliwa, na itakataa. Kwa mashini, saa mbaya na cheti cha uongo ni kitu kimoja.

Kwa nini saa inarudi nyuma? Mu mashini nyingi kuna batri ndogo ya duara, sawa franga ya chuma, inayoshika saa wakati umeme hauko. Ile ya kawaida inaandikwa CR2032. Ku mashini za okazio, batri ile mara nyingi imeshazeeka. Mahali umeme unakatika mara kwa mara, mashini ya meza inaamka kila siku na tarehe ya zamani. Kupandisha kunaizima na kuiwasha mara nyingi, na ndipo shida inaonekana. Kubadilisha batri ile ni kazi ya dakika chache, na haihitaji kufuta kitu.

Kuna jambo lingine la Lualaba. Kolwezi na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Windows ikichagua saa ya Kinshasa, mutu anaona saa moja inakosekana, na anasukuma saa kwa mukono. Hapana kufanya vile. Macho yataona saa nzuri, lakini ndani mashini itakuwa imekosea kwa saa nzima mbele ya dunia, na kodi za usalama zinazoisha kiisha nusu dakika zinaweza kukataliwa. Ingia mu « Paramètres », kiisha « Heure et langue », chagua « Date et heure », na ubadilishe « Fuseau horaire ». Chukua ile ya UTC+02:00 yenye jina Harare na Pretoria, ndiyo saa yetu. Kiisha bonyeza « Synchroniser maintenant ».

Ikiwa ni rezo ya mashini

Maswali matatu yakionyesha kwamba mashini ndiyo inakataa kila tovuti, na saa ni nzuri, fuata mupango huu. Simama pale inapofunguka, usiendelee.

Anza na kuiwasha upya. Chagua « Redémarrer », si « Arrêter ». Windows ya leo ikizimwa kwa kawaida inaacha sehemu yake ikilala, na shida inalala pamoja nayo.

Kiisha, angalia VPN na antivirusi za zamani. Wengi waliweka VPN ya bure wakati mitandao ya kijamii ilizibwa, na wakaisahau. Kiisha kupandisha, VPN ile inaweza kubaki nusu hai: inashika mulango lakini haipitishi mutu. Izime ao iondoe. Fanya vilevile kwa antivirusi ambayo muda wake umeisha.

Angalia « Proxy » mu « Réseau et Internet ». Mashini iliyotoka ku ofisi ya Ulaya ao ku kampuni ya migodi inaweza kuwa na anwani ya proxy ya kule ya zamani. Nyumbani, sehemu ya proxy ya kuandika kwa mukono inapaswa kuwa imezimwa.

Sahau Wi-Fi na kuingia upya. Bonyeza « Oublier » ku jina la Wi-Fi, kiisha andika neno la siri tena.

Safisha kitabu cha majina. Fungua « Invite de commandes », andika ipconfig /flushdns, na bonyeza Entrée. Inafuta anwani za zamani ambazo mashini ilizishika kichwani. Haifuti faili yako hata moja.

Ikiwa bado, tumia « Réinitialisation du réseau », chini ya « Paramètres réseau avancés ». Inarudisha rezo yote ya mashini kuwa mpya. Maneno ya siri ya Wi-Fi yatapotea, kwa hiyo yaandike ku karatasi kwanza.

Na ikiwa Wi-Fi haionekani kabisa, hata jina moja? Hapo mara nyingi ni piloti, programu ndogo inayoendesha kadi ya Wi-Fi. Windows mpya imeondoa ya zamani na haikupata inayofaa. Watu wanakwama hapa juu inaomba intaneti ili kurudisha intaneti. Kuna njia: shika telefone ku mashini kwa kamba ya USB, na uwashe kugawa mega kwa USB ku telefone. Mara nyingi mashini itapata mutandao bila Wi-Fi. Kiisha ingia ku tovuti ya aliyetengeneza mashini, HP, Dell, Lenovo ao mwingine, uandike namba ya modeli, na uchukue piloti ya Wi-Fi ya Windows 11. Tovuti zingine zinazotoa piloti za kila aina, ziache. Nyingi zinaleta virusi.

Neno moja juu ya mega. Kiisha kupandisha, Windows inaweza kusahau kwamba Wi-Fi yako ni telefone yenye forfe ndogo, na inaanza kushusha marekebisho makubwa kimya kimya. Tovuti zinakuwa nzito, forfe inakwisha, na mutu anadhani rezo ni mbaya. Mu mambo ya Wi-Fi ile, washa « Connexion limitée ».

Wakati kosa ni la Microsoft yenyewe

Si kila mara ni mutumiaji aliyekosea. Mwezi wa 12 mwaka 2023, Microsoft ilikubali kwamba marekebisho fulani ya Windows 11 yalizuia mashini kuingia ku Wi-Fi za aina inayotumiwa na vyuo vikuu na kampuni kubwa. Mwezi wa 4 mwaka 2024, marekebisho ya usalama yaliharibu VPN, na dawa ilikuja mwezi uliofuata. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, siku ile ile Windows 10 ilipofungwa, marekebisho KB5066835 ya Windows 11 yalifanya tovuti na programu zinazokaa ndani ya mashini yenyewe, ku anwani 127.0.0.1, zikatae kufunguka. Kampuni zenye programu ya stoki ao ya hesabu inayofanya kazi kwa namna ile ziliweza kushikwa, wakati tovuti za nje zilifunguka bila shida.

Ukiona shida ilianza siku moja kiisha kusasisha, fanya mambo mawili. Ingia mu « Windows Update » na uangalie kama kuna marekebisho mapya, yaweke, kiisha « Redémarrer ». Mara nyingi dawa imeshatoka. Ikiwa haiko, angalia mu « Historique des mises à jour » ni gani iliingia siku ile, na uiondoe.

Na kwa yule aliyetoka Windows 10 na kuona kwamba kazi yake imesimama kabisa: Windows inaacha siku 10 za kurudi nyuma. Kitufe kiko mu « Système », kiisha « Récupération ». Siku 10 zikipita, mulango ule unafungwa. Mutu asingoje mwisho wa mwezi ili aamue.

Tovuti na programu za zamani

Kuna wakati mashini ni nzuri, njia ni nzuri, na tovuti iko hai, lakini hawasikilizani tena. Hii inagusa sana wale wanaofanya kazi na serikali na forodha.

Internet Explorer ilifungwa tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2022, na Windows 11 haina ile programu. Tovuti zilizotengenezwa kwa ajili yake zinafunguka vibaya, ao vitufe havijibu. Dawa iko ndani ya Edge, inaitwa « mode Internet Explorer ». Inawashwa mu mambo ya Edge, kwa tovuti ile moja tu.

Wadeklaranti wanajua Sydonia World, programu ya forodha iliyotengenezwa na CNUCED ya Umoja wa Mataifa na inayotumiwa na DGDA. Imejengwa kwa Java. Lakini Java 11, iliyotoka mwezi wa 9 mwaka 2018, iliondoa Java Web Start, ile sehemu iliyokuwa inawasha programu za Java kutoka ku tovuti. Mutu akipata mashini mpya na kuweka Java mpya kabisa, programu inayotegemea sehemu ile haitawaka, na hakuna mega zitakazoisaidia. Mbele ya kubadilisha mashini ya kazi, andika ni Java gani inayotumiwa leo, na uulize huduma ya informatike ya DGDA ni gani inayohitajika. Ofisi yenye mashini mbili ipandishe moja kwanza, ifanye deklarasio moja nayo mpaka mwisho, kiisha ndipo iguse ya pili. Lori ikiwa imesimama Kasumbalesa, si wakati wa kujaribu.

Mu telefone pia

Telefone za Android zinapandishwa vilevile, na shida zinafanana. Angalia vitu vitatu. Tarehe na saa ziwe za automatike. « DNS privé », iliyoingia na Android 9 mwaka 2018, iwe ku « Automatique ». Ikiwa kuna jina lililoandikwa pale na jina lile halijibu, tovuti zote zitakufa. Na APN, yaani mulango wa mega wa kampuni ya simu, iwe imeandikwa sawasawa. Ikiwa imefutika, muombe wakala wa kampuni ile aituume upya.

Kwa telefone za zamani sana, shida ni kinyume: hazikupandishwa. Android za chini ya 7.1 hazimujui mutoaji mupya wa vyeti wa Let's Encrypt. Zilipewa daraja la muda, na daraja lile liliisha tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024. Tangu hapo tovuti nyingi zinaonya ao zinakataa mu telefone zile, na kununua mega hakutabadilisha kitu.

Usilazimishe mulango

Chini ya « Votre connexion n'est pas privée » kuna maneno madogo yanayokuruhusu kuendelea tu. Wengi wamezoea kuyabonyeza. Ikiwa saa ya mashini ni nzuri na tovuti bado inaonya, simama. Inaweza kuwa tovuti iliyochelewa kubadilisha cheti. Inaweza pia kuwa mutu katikati ya njia, ku Wi-Fi ya watu wote, anayetaka kusoma unachoandika. Kwa banki, kwa imeli, kwa mahali popote panapoomba neno la siri, hapana kuendelea.

Vilevile kwa dirisha linaloruka ku skrini na kusema piga simu kwa Microsoft mashini yako imeharibika: Microsoft haiweki namba ya simu mu maonyo yake. Funga dirisha.

Ukienda kwa fundi

Kuna siku utamuhitaji fundi, na ni vizuri. Umusaidie afanye kazi haraka. Andika ku karatasi jina la tovuti, maneno kamili ya kosa na kodi yake, siku shida ilipoanza, na majibu ya maswali matatu. Picha ya skrini kwa telefone inatosha.

Weka mafaili yako ku kle ya USB ao ku diski ya nje mbele ya kuacha mashini. Neno la siri la imeli na la mobile money halimuhusu fundi.

Tena, uliza juu ya BitLocker. Mashini nyingi zenye Windows 11 na konti ya Microsoft zimefungiwa diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Fundi akigusa BIOS, mashini inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo ule kwa kawaida unakaa ndani ya konti ya Microsoft ya mwenye mashini. Utafute mbele, uandike ku karatasi na uuweke nyumbani. Bila ufunguo huo, mafaili yaliyo ndani hayatafunguka tena, hata kwa fundi mwenye akili nyingi, hata kwa Microsoft.

Na akisema ni lazima kufuta yote, muulize swali moja: shida iko mu mashini, mu njia, ao ku tovuti? Aliyeipata atakujibu kwa neno moja na kukuonyesha. Asiyeweza kujibu, bado hajaitafuta.